Raja Ampat kwa jahazi la kifahari: mwongozo kamili wa kupanga safari bila kuharibu pesa

Ombi linalonijia zaidi kuhusu Indonesia lina sura hii: "Tiketi ya Bali ninayo tayari, ya Julai. Nitafutie jahazi zuri la Raja Ampat." Jibu langu halipendezi. Julai kule bahari imechafuka, majahazi mengi mazuri yameshahamia kwingine, na kutoka Bali hadi Sorong, mji unakopandia jahazi, ni karibu kilomita 2,000.

Tatizo la wengi ni mpangilio. Wanaanza na ndege, wanafuata hoteli, bahari wanaifikiria mwisho. Safari hii hupangwa kinyume chake: bahari kwanza, jahazi pili, ndege baada ya hapo. Ukifuata mpangilio huo, mengine yote ni kazi ya kawaida.

Raja Ampat ni visiwa zaidi ya 1,500 kwenye ncha ya magharibi ya Papua, ambavyo vikubwa ni Waigeo, Batanta, Salawati na Misool. Tangu Desemba 2022 viko katika mkoa mpya wa Papua Barat Daya, ambao makao yake ni Sorong, kwa hiyo usishtuke ukiona nyaraka za zamani zikitaja mkoa mwingine. Majahazi yenyewe huitwa pinisi. Hujengwa kwa mbao ufukweni, hasa Tana Beru na Bira huko Sulawesi Kusini, na yale ya kifahari ndani yana vyumba vya hoteli.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku utakayoingia Indonesia.
- Siku 13 au 14 kutoka mlangoni kwako hadi kurudi. Usiku saba wa majini ndio kiwango cha chini chenye maana.
- Idadi kamili ya watu. "Tutakuwa sita hadi kumi" si idadi. Bei na aina ya jahazi vinategemea hilo.
- Bima inayotaja kwa maandishi kuhamishwa kwa dharura kutoka kisiwani na, kama utapiga mbizi, kina utakachofika.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Indonesia huidai kwa watokao kwenye nchi zenye ugonjwa huo, na kwa msafiri wa Afrika Mashariki kubishana kaunta bila kadi ni kujitafutia balaa.
- Cheti cha kupiga mbizi, kama unacho. Usipokuwa nacho bado safari ipo. Sehemu kubwa ya uzuri wa kule iko kina cha mita moja hadi tano, na miwani na mrija vinatosha.
- Bajeti. Kabini moja kwenye jahazi la kushiriki na wageni wengine ni takriban dola 350 hadi 700 kwa mtu kwa usiku. Jahazi zima la kifahari huanzia kama dola 3,000 kwa usiku na kupanda hadi 15,000 na zaidi.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa upepo

Mtu wa pwani yetu hahitaji somo refu hapa. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati kusi linatuvumia sisi, Raja Ampat nako upepo wa kusini hushika, na upande wa Misool ndio unaoumia zaidi. Majahazi huondoka kuelekea Komodo, visiwa vilivyo mashariki mwa Bali, ambako miezi hiyo ni ya kiangazi. Oktoba yanarudi na kukaa hadi Aprili.

Kwa hiyo Raja Ampat ni Oktoba hadi Aprili. Komodo ni Aprili hadi Novemba. Januari na Februari mamlaka ya bandari ya Labuan Bajo, mji unakopandia jahazi la Komodo, husimamisha majahazi bahari ikichafuka, na hapo pesa zako zinakaa gatini zikingoja.

Upo mlango wa tatu ambao wachache wanaujua, nao mimi ndio ninaoupenda. Kati ya misimu hiyo miwili, katika kipindi cha tanga mbili, majahazi huhama kupitia Bahari ya Banda: Septemba hadi Novemba yakienda mashariki, Machi na Aprili yakirudi. Safari hizo za kuhama huuzwa kama safari za kawaida. Unapita visiwa vya Banda, nyumbani kwa kungumanga, na baadhi ya majahazi hutia nanga Maluku Kaskazini, kwenye asili ya karafuu zilizokuja kupandwa Unguja na Pemba. Lakini kuna siku nzima za bahari kuu bila kisiwa, kwa hiyo si safari ya mtu anayetapika kwenye boti ya Zanzibar.

Tazama na mwezi wa angani pia. Mlango-bahari wa Dampier, kati ya Waigeo na Batanta, una mikondo mikali, na mwezi mpevu na mwezi mwandamo huizidisha kwa bamvua. Kama kundi lina watoto au wazee wasioogelea vizuri, panga siku za Dampier ziangukie maji mafu. Mpiga mbizi mzoefu atataka kinyume chake, kwa sababu mkondo ndio unaoleta samaki.

Umemaliza hatua hii ukiwa na wiki mbili kwenye kalenda, moja ya kwanza na moja ya akiba. Usikate tiketi yoyote bado.

## Hatua ya 2: Kabini au jahazi zima?

Piga hesabu kabla ya kuogopa neno "kukodi". Jahazi la dola 5,000 kwa usiku, kwa usiku saba, ni dola 35,000. Mkiwa wanane ni dola 4,375 kwa kila mmoja, sawa na dola 625 kwa usiku, ambayo imo ndani ya bei ya kabini nzuri ya kushiriki. Tofauti ni kwamba sasa nahodha anafuata ratiba yenu, mpishi anapika mnachotaka, na hamlazimiki kuamka na wapiga mbizi wasiowahusu.

Mkiwa wawili au watatu, chukueni kabini. Mkiwa sita na kuendelea, ulizeni bei ya jahazi zima kwanza.

Ukubwa unatofautiana sana. Prana by Atzaro lina mita 55 na kabini tisa kwa wageni 18. Alila Purnama lina mita 46 na kabini tano tu. Lamima, lenye mita 65 na kabini saba, ni la wasiouliza bei. Familia ya watu wanane haina haja ya jahazi la watu 18, maana utalipia vitanda vitupu.

Onyo dogo: usidhani utasafiri kwa matanga. Pinisi wa kisasa hutembea kwa injini, na matanga hukunjuliwa upepo ukiruhusu au wageni wakitaka picha. Kama matanga ndiyo yanayokupeleka, liulize hilo wazi.

## Hatua ya 3: Mhoji mwenye jahazi

Hapa ndipo pesa hupotea, na ndipo maisha yanaweza kupotea pia. Jahazi la mbao lenye jenereta, jiko la gesi na betri nyingi za kamera ni kitu kinachoweza kuungua. Boti za watalii zimezama na kuungua katika maji ya Indonesia, za bei rahisi na za bei ghali. Zulia laini halizuii moto.

Tuma maswali haya kwa maandishi, na usiendelee hadi yajibiwe yote:

1. Kila kabini ina milango mingapi ya kutokea? Ya chini ya sitaha lazima iwe na njia ya pili, hata kama ni kidirisha cha dari.
2. Nani anakesha usiku? Jibu sahihi ni "baharia wa zamu, macho, usiku kucha". "Sote tunalala hapo hapo" si jibu.
3. Ving'ora vya moshi viko wapi? Viwe kwenye kabini, chumba cha injini na mahali pa kuchajia betri.
4. Maboya ya kujipuliza yana nafasi ya watu wangapi? Jumlisha wageni na mabaharia wote.
5. Jahazi lilipandishwa nchi kavu lini mara ya mwisho kukaguliwa na kukalafatiwa?
6. Kuna redio, simu ya setilaiti na kifaa cha kuonyesha meli nyingine mlipo?
7. Oksijeni ya dharura ipo, na nani amefunzwa kuitumia?
8. Bei inajumuisha nini? Taja moja moja: mafuta, ada za hifadhi, kupiga mbizi, kukodi vifaa, boti ndogo, vinywaji, kodi, usafiri wa uwanja wa ndege.

Kisha omba video ya kabini yenyewe, iliyopigwa wiki hiyo. Picha za tovuti zinaweza kuwa za mwaka wa uzinduzi. Katika video sikiliza zaidi ya kutazama. Kabini iliyo jirani na chumba cha injini utaijua kwa mngurumo, na jenereta ya kiyoyozi haizimwi usiku. Mwenye usingizi mwepesi alipie sitaha ya juu.

Mwenye jahazi mzuri hujibu maswali haya bila kuchoka, mara nyingi ana karatasi iliyo tayari. Akikasirika au akijibu "usijali, salama kabisa", ondoka.

## Hatua ya 4: Chora njia, na ukatae ratiba ya wote

Kosa la hapa ni uroho. Watu wanataka Misool kusini na Wayag kaskazini ndani ya usiku saba, kisha wanamaliza likizo wakiangalia povu la injini. Usiku saba, chagua upande mmoja pamoja na Dampier. Ukiwa na usiku kumi au 11, unaweza pande zote mbili.

Kusini (Misool). Vijisiwa vya mawe ya chokaa vinavyoota majini kama uyoga, matumbawe laini ya kila rangi, na maziwa ya ndani yenye viwavi-bahari wasiowasha. Ukiingia maziwa hayo, vua mapezi ya miguuni na usijipake losheni ya jua, kwa sababu viumbe wale ni laini na dawa hizo huwaua.

Kaskazini (Waigeo, Wayag). Mandhari ya juu ya mawe, ghuba zilizojificha, na mstari wa ikweta unaopita huko huko. Wayag msiiweke kama nguzo ya safari. Wenyeji wamewahi kuifunga, na uchimbaji wa nikeli umeleta mivutano visiwani. Juni 2025 serikali ilifuta leseni nne kati ya tano za uchimbaji huo. Muulize nahodha hali ilivyo wiki mbili kabla.

Dampier. Kwenye rasi ya Kri, mtaalamu wa samaki Gerry Allen alihesabu aina 374 katika mbizi moja mwaka 2012. Kwa ukanda mzima, aina za matumbawe magumu ni zaidi ya 550, karibu robo tatu ya zote zinazojulikana duniani. Karibu na Arborek wapo taa wakubwa aina ya manta wanaokuja kusafishwa na samaki wadogo. Unakaa umetulia mbali nao. Ukiwafuata wanaondoka na umewaharibia wenzako.

Sasa ratiba. Piaynemo, ile picha ya vijisiwa vya kijani uliyoiona kila mahali, ina ngazi za mbao na jukwaa, na katikati ya asubuhi husongamana watu. Mwambie nahodha atie nanga karibu usiku uliotangulia, mpande jua linapochomoza. Hiyo ndiyo anasa yenyewe: kufika kabla ya wengine. Shuka za hariri utazipata hata Dubai.

Omba pia alfajiri moja ya ndege wa peponi. Aina mbili, yule mwekundu na yule wa Wilson mwenye kichwa cha buluu kisicho na manyoya, hazipatikani kwingine duniani isipokuwa visiwa hivi. Kijiji cha Sawinggrai ni mahali pazuri kwa yule mwekundu. Mnatoka gizani, mnapanda kilima na mwenyeji wa kijiji, mnakaa kimya. Viatu vya kufunika vidole, tochi, na msiwe wengi.

Mkitembelea kijiji, mlipe anayewaongoza moja kwa moja na mfike mmevaa nguo, si suti za kuogelea. Vijiji vingi ni vya Wakristo, hivyo Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Mkielezwa kwamba ghuba fulani iko chini ya sasi, yaani wenyeji wameifunga kwa muda ili viumbe wazaliane, hakuna mjadala wala nyongeza ya pesa.

## Hatua ya 5: Lipa kwa utaratibu

Amana ya asilimia 30 hadi 50 ni kawaida, na salio siku 60 hadi 90 kabla. Omba mkataba unaosema nini kinatokea jahazi likiharibika, bandari ikifungwa, au wewe ukighairi.

Akaunti ya kupokea iwe ya kampuni, na jina lake lifanane na la mkataba. Majina ya kampuni nyingi za Indonesia huanza na herufi PT. Ukiombwa utume kwenye akaunti ya mtu binafsi "ili kukwepa kodi", simama hapo hapo. Na kabla ya kutuma, piga simu ya video uthibitishe namba ya akaunti, kwa maana wezi hudukua barua pepe na kubadilisha ankara moja tu.

## Hatua ya 6: Viza, vibali na afya

Orodha ya nchi zinazopata viza wakati wa kuwasili hubadilishwa, kwa hiyo usimtegemee rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Ingia evisa.imigrasi.go.id, chagua pasipoti yako, usome. Kwa walio kwenye orodha, viza hiyo ni rupia 500,000 kwa siku 30. Walio ughaibuni wenye pasipoti za Uingereza au Kanada wamo. Ambao hawamo huomba kabla ya safari, na waanze miezi miwili mapema. Tovuti za kuigiza zipo nyingi na hutoza mara mbili au tatu. Anwani ya serikali huishia na go.id.

Kibali cha Raja Ampat ni kitu kingine. Katika miaka ya karibuni mgeni wa kigeni amelipa rupia 700,000 kwa kadi ya huduma za mazingira inayodumu miezi 12, na 300,000 kwa tiketi ya mgeni. Majahazi mengi hushughulikia wenyewe. Uliza kama imo kwenye bei.

Malaria ipo Papua. Mtu aliyekulia Kisumu au Tanga husema "mimi nimezoea". Kinga hiyo hupungua ukikaa miaka Nairobi, Muscat au Minneapolis, na jahazi liko mbali na hospitali. Muone daktari kuhusu dawa ya kinga.

## Hatua ya 7: Sasa ndege

Nairobi au Dar hadi Jakarta kwa kupitia Doha au Dubai ni njia nyepesi. Kutoka Jakarta kuna ndege za usiku kwenda Sorong, safari ya muda wa saa nne hivi, zinazotua asubuhi. Nyingine hupitia Makassar.

Fika Sorong siku moja kabla ya kupanda jahazi. Ndege za ndani hubadilishwa saa bila huruma, na jahazi lenye wageni wengine halikungoji. Mji wenyewe hauna la kukushika. Ni kitanda, chakula na mashine ya pesa ya mwisho ya kuaminika. Kumbuka pia kuwa saa za Sorong ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita.

Kama tiketi ya ndani umeinunua mbali na ile ya kimataifa, mzigo utauchukua Jakarta na kuukabidhi upya. Acha mwanya wa saa tano.

## Hatua ya 8: Kufungasha

Begi laini, si sanduku gumu. Kabini hazina pa kuliweka. Ndege za ndani nyingi huruhusu kilo 20. Plagi za Indonesia ni za pini mbili za duara, hivyo chaja yako ya pini tatu haitaingia bila adapta. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inakinga jua kuliko losheni. Chukua rupia taslimu za noti ndogo kwa vijiji, na laini ya Telkomsel, ambayo mashariki ndiyo yenye mtandao mpana.

Kuhusu halali: mabaharia wengi ni Waislamu wa Sulawesi, na jikoni si tatizo. Lakini wapishi wa majahazi ya kifahari huagiza nyama kwa ajili ya wageni wa kila aina, kwa hiyo andika matakwa yako wiki tatu kabla, pamoja na mzio wowote.

## Hatua ya 9: Saa ya kwanza ndani ya jahazi

Kabla ya maji ya dafu na picha, fanya ukaguzi wako. Vaa jaketi la kuokolea uone linakufunga, na la mtoto liwe la mtoto. Tembea kutoka kitandani hadi njia ya pili ukiwa umefumba macho. Uliza betri zinachajiwa wapi, na usichaji yako kitandani usiku.

Meneja akiwakusanya kuwaeleza usalama bila kuombwa, mmepata jahazi zuri. Asipofanya, omba, tena mbele ya wote.

## Hatua ya 10: Kushuka

Aliyepiga mbizi asipande ndege kabla ya saa 24 tangu mbizi ya mwisho. Hii ina maana siku ya mwisho ni ya kuogelea juu tu, kutembea na kulala. Waambie wanaokuuzia "mbizi moja ya kuagana" kwamba ndege yako ni kesho asubuhi.

Bahashishi ya asilimia 5 hadi 10 ya bei ni kawaida, iwekwe kwenye bahasha moja kwa mabaharia wote, ili mpishi na fundi wa injini ambao hamkuwaona wapate. Kwa jahazi zima, omba karatasi iliyosainiwa kwamba hamdaiwi uharibifu wala mafuta ya ziada kabla mizigo haijashushwa, maana madai yakija kwa barua pepe wiki mbili baadaye hamtakuwa na la kuonyesha.